Nyanya za Marehemu Shangazi

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya mawe mawili, mbele ya duka la Fundi Cherehani, na wanaolikalia wanajuana hata kwa kikohozi. Upande wa ukutani hukaa Mkurugenzi, ambaye hajawahi kuongoza chochote. Alikuwa tarishi wa ofisi mpaka akastaafu, lakini alibeba mafaili ya wakubwa kwa muda mrefu hata cheo kikamwingia. Katikati hukaa Redio, kinyozi wa duka la pili, anayetangaza habari kabla hazijatokea. Mwishoni, mguu mmoja ndani mguu mmoja nje, hukaa Breki, fundi baiskeli, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna. Kahawa ni ya Mzee Birika, mwenye kigoda, jiko la mkaa, ndoo ya kusuuzia vikombe na maneno machache. Fundi mwenyewe hukaa kizingitini, ili mteja akija asimkute mbali na mashine. Asubuhi hiyo alitoka ndani na kitu amekifunga kwenye gazeti, akakiweka benchini, akakifunua. Kilikuwa mche wa nyanya, umelegea kama uzi uliolowa, majani ya manjano, shina jeusi pale linapokutana na mizizi.

— Huu ndio wa mwisho? aliuliza Mkurugenzi.

— Ndio wa mwisho. Wenzake wameshatangulia.

— Pole, mfiwa, alisema Redio, kisha akainamia kikombe chake, maana neno lilikuwa limeangukia mahali pabaya.

Hapa inabidi Shangazi aelezwe, kwa kuwa bila yeye hakuna nyanya. Alikuwa mke wa Fundi na shangazi wa mtaa mzima bila kuombwa. Nyuma ya duka, kwenye kiwanja kidogo cha uani ambacho wengine wangeanikia nguo tu, alilima bustani isiyozidi upana wa shuka mbili: mchicha, bamia, biringanya, pilipili za kumtoa mtu machozi, na nyanya. Si kila kitu kilimkubali. Kabeji zake hazikuwahi kufunga. Zilikaa wazi msimu mzima mpaka kuku wa jirani wakazimaliza. Karoti zilitoka na miguu miwili, naye akaingia nazo dukani mbele ya wateja: "Fundi, mpime huyu suruali!" Fundi alichukua futikamba akapima kweli, kiuno mpaka kisigino, na watu wakacheka hadi mteja mmoja akasahau alichofuata. Boga moja lilipanda ukuta likaenda kuzalia juu ya bati la Redio. Kesi yake ilisikilizwa hapo hapo benchini, Redio akashinda, akala boga.

Lakini nyanya! Zilikuwa na mikunjo kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba, nyekundu mpaka ndani, na ukikata moja jikoni aliye barazani anameza mate. Kila msimu Shangazi aliteua iliyo nzuri kuliko zote, akaipasua, akazipaka mbegu zake kwenye kipande cha nguo kilichoanguka chini ya cherehani, akakianika, akakikunja, akakitia kwenye droo ya mashine. Sokoni mbegu hizo hazipo. Shangazi alipofariki, Fundi alikuta kwenye droo vipande vitatu. Cha kwanza alikipanda, miche ikafa. Cha pili alikipanda, na sasa mche wake wa mwisho ulikuwa umelala kwenye gazeti.

— Kimebaki hiki, alisema Fundi, akatoa mfukoni kitambaa cha bluu kilichokunjwa, akakishika kwa vidole viwili. Nikikipanda kikafa kama wenzake, basi, nyanya zile zimekwisha duniani. Nisipokipanda, mbegu zitazeeka humo humo. Nishaurini. Lakini nishaurini kama watu wazima.

— Umefika penyewe, alisema Mkurugenzi. Penye wengi hapaharibiki neno.

Mzee Birika alimimina kahawa.

— Tuanze na udongo, aliendelea Mkurugenzi. Udongo ule umefanya kazi miaka mingapi bila likizo? Hata mimi nilipokuwa ofisini, kila mwaka nilipumzika. Udongo umechoka. Uandikiwe likizo, tena yenye malipo.

— Malipo gani?

— Samadi.

— Samadi nimetia, alisema Fundi. Ya mbuzi, ya kuku, mpaka majirani wamelalamika.

— Basi ni kivuli, alisema Breki. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Sasa wewe umepanda kwenye jua la utosi. Nyanya zitakula wapi?

— Breki, wewe hiyo methali umeikalisha upande.

— Methali ni kama baiskeli, ukiweza kuipanda inakwenda kokote.

— Au ni kiu, alisema Fundi. Mnaonaje? Umelegea hivi kama mtu aliyekosa maji. Mimi nanyweshea asubuhi na jioni, lakini labda niongeze na mchana.

— Maji yanatosha! alisema Redio, upesi kidogo kuliko ilivyostahili.

— Wewe umejuaje?

— Nakisia tu, bwana. Nakisia.

Mkurugenzi alikohoa. Breki aliinama kufunga kamba ya kiatu, na viatu vyake ni ndala. Fundi hakuyaona hayo. Alikuwa anakiangalia kitambaa.

— Nitawaambia mimi, alisema Redio akijiweka sawa. Tatizo ni sauti. Shangazi akiwa bustanini alikuwa na wimbo wake ule wa puani, hauna maneno, hauna mwisho. Mmea unasikia. Sasa leo nyanya inasikia nini? Cherehani tu, ka-ka-ka-ka, kutwa nzima. Hata mimi ningekauka.

— Cherehani ilikuwepo tangu zamani.

— Ilikuwepo, lakini na wimbo juu yake! Ule wimbo ulikuwa kama mafuta.

Fundi alitabasamu bila kupenda. Wimbo ule aliujua. Ulikuwa unamfikia kupitia dirisha la nyuma, na bila kuinua macho kwenye mshono aliweza kujua Shangazi yuko kwenye bamia au yuko kwenye mchicha, kwa jinsi sauti ilivyosogea. Siku hizi dirisha lile amelifunga, anasema ni kwa ajili ya vumbi.

— Hapo sasa mmekaribia, alisema Breki, na macho yake yaling'aa. Nyanya zile zinaomboleza. Nani alikwenda kuziambia?

— Kuziambia nini?

— Kwamba Shangazi hayupo! Sisi tuliambiwa, ndugu waliambiwa, hata yule wa mikopo aliambiwa. Nyanya zikaachwa. Mnadhani zinajisikiaje? Kila siku zinasikia mlango, zinasema huyo anakuja, kumbe ni Fundi na miguu yake. Zinakata tamaa.

— Kwa hiyo ziitiwe kikao, alisema Mkurugenzi, ambaye neno kikao halimpiti. Lakini taratibu. Haraka haraka haina baraka, ndiyo maana naona kikao kiwe leo leo.

— Kikao cha nini! Mimi naona tuzidanganye, alisema Redio. Fundi avae vile viatu vya mpira vya Shangazi, ajifunge kile kitambaa cha kichwa cha maua, ashike lile kopo la matundu, aingie kwa kurudi nyuma. Nyanya hazina macho makali.

— Na wimbo?

— Wimbo nitaimba mimi, nimejificha nyuma ya ukuta.

Wote walicheka, hata mkaa wa Mzee Birika ulionekana kuwaka zaidi. Fundi alicheka nusu. Viatu vile vya mpira bado viko mlangoni, vimeelekea nje, kama alivyoviacha Shangazi mwenyewe. Fundi amekuwa akivipitia pembeni kila siku.

— Mnanitania, alisema. Lakini mimi nina jambo moja tu nililobakiwa nalo la kumfanyia, na limenishinda. Nguo najua kushona. Hili nimeshindwa. Nitakirudisha kitambaa kwenye droo. Kama ni kuzeeka, tuzeeke wote.

Hapo ndipo alipotokea nesi mmoja, mpangaji mpya wa chumba cha uani, ambaye alikuwa hajamaliza hata kufungua mizigo yake. Alikuja na chupa ya chai mkononi, akasimama pembeni kwa adabu.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu. Karibu, alisema Mzee Birika. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Naomba mnijazie kahawa, leo naingia zamu ya asubuhi. Na samahani, nina swali dogo. Ile bustani ya nyuma, anayeimwagilia ni nani?

Swali lenyewe lilikuwa jepesi kama hilo. Fundi alifungua mdomo aseme ni mimi, lakini nesi alikuwa bado anaendelea.

— Nauliza ili nijue nani wa kumwomba apunguze kidogo. Kamba ya nguo iko pale pale, na kila nikienda kuanika nazama. Nikirudi zamu alfajiri nakuta matope. Nikiamka mchana, matope mapya. Nikisema sasa patakauka, nasikia tena maji yanamwagwa. Sasa mwenyewe hasa ni nani?

Mkurugenzi alitazama ukuta. Redio, ambaye hujibu hata maswali yasiyoulizwa, alikuwa anahesabu nyufa za kikombe. Fundi aliwaangalia mmoja mmoja usoni, na walipokataa kuangaliwa usoni aliwaangalia miguu. Ndala za Breki zilikuwa na tope jeusi lililokaukia ukingoni. Viatu vya Redio pia. Vya Mkurugenzi, ambaye hupiga rangi viatu vyake hata akienda dukani kununua kiberiti, vilikuwa na tope lile lile, la samadi ya mbuzi na ya kuku.

— Mimi, alianza Breki, nikishatafuta pancha kwenye beseni, yale maji, kuyamwaga barabarani naona ni hasara.

— Mimi ni maji safi ya duka, alisema Redio. Hayajagusa sabuni, naapa.

— Daktari ameniagiza nitembee kila alfajiri, alisema Mkurugenzi. Sasa nikitembea na kopo mkononi, kosa liko wapi?

Wakamgeukia Mzee Birika. Mzee Birika aliitazama ndoo yake ya kusuuzia vikombe, nayo ilikuwa nusu.

— Kila nikifunga kazi, alisema.

Hasira ilimpanda Fundi mpaka masikioni. Alisimama kizingitini, mche uliooza upande huu, kitambaa upande huu.

— Mmeniua! Mmeniulia miche misimu miwili, na kila asubuhi mnakaa hapa mnanipa pole! Kwa nini hamkusema?

— Tungesemaje, Fundi? alisema Redio, na sauti yake ya kutangazia haikuwepo. Mtu mzima anakwenda kujificha kunyweshea nyanya za mke wa mwenzake. Hata mwenyewe nilijiona kichaa. Niliona majani yamelegea, nikasema zina kiu. Nikarudi, zimelegea zaidi, nikaongeza.

— Mimi siku nastaafu, alisema Mkurugenzi, ofisi ilinipa saa ya ukutani ambayo haijawahi kutembea. Nilipita hapa nimeibeba, nimejikaza. Shangazi aliniona. Aliingia nyuma, akatoka na kikapu cha nyanya, akanipa. Nilikula nyanya nikilia, bwana. Zilikuwa tamu.

— Sisi tulikuwa tu, alisema Breki, tulikuwa tuna...

Kwa mara ya kwanza tangu wajuane naye, Breki alisimama katikati ya maneno.

Fundi alikaa chini. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imekosa pa kukaa. Misimu yote miwili alidhani ni yeye peke yake anayeamka na kukuta mtaa umepungua. Alidhani akienda kule nyuma anakwenda mahali ambapo hakuna mwingine anayekwenda. Kumbe walikuwa wanapishana, mmoja anatoka mwingine anaingia, kila mtu na maji yake, kila mtu na Shangazi wake.

— Haba na haba hujaza kibaba, alinong'ona Mkurugenzi, na safari hii methali ilikaa mahali pake.

— Na huozesha mizizi, alisema Mzee Birika.

— Si ulisema penye wengi hapaharibiki neno? Breki alimchokoza Mkurugenzi.

— Neno halikuharibika, alijibu Mzee Birika kwa niaba yake. Imeharibika miche.

Nesi aliyasikiliza yote akiwa amekumbatia chupa yake.

— Poleni, wazee wangu. Mimi nilikuwa nafikiria nguo zangu tu.

— Usijali, mwanangu, alisema Fundi. Umeuliza vizuri. Sisi tungeongea hapa mpaka udongo ustaafu.

Aliingia dukani, akatoka na mkasi mkubwa wa kazi. Alikikunjua kitambaa cha bluu juu ya benchi. Mbegu zilikuwa zimeshika humo, ndogo, za rangi ya mchanga, zimepangwa kwa kidole cha mtu asiye na haraka. Wote waliitambua bluu ile. Ilibaki kutoka kwenye gauni alilovaa Shangazi kwenye harusi ya binti yao mkubwa, gauni ambalo Fundi alilishona mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza Shangazi alisema halitoshi kwa furaha yake.

— Fundi, usikikate hicho, alisema Redio.

— Nyamaza. Kitambaa nakijua mimi.

Mkasi ukapita. Alikata kipande, akampa Mkurugenzi. Akakata, akampa Redio. Breki. Mzee Birika, ambaye alijifuta mikono kwanza. Kimoja akamwekea nesi juu ya kifuniko cha chupa.

— Hata mimi?

— Hata wewe. Wewe ndiye uliyeuliza.

Kilichobaki alikikunja tena, kidogo kuliko zamani, akakitia mfuko wa shati.

— Kila mtu akapande kwake, alisema. Kwenye kopo, kwenye ndoo mbovu, kwenye tairi, shauri yake. Za mmoja zikifa, zitabaki za mwingine. Na asimwagilie mtu nyanya za mwenzake! Ukitaka kumkumbuka Shangazi, mkumbuke nyumbani kwako.

— Kwa kipimo, aliongeza nesi.

— Kwa kipimo, walijibu wote, kama watoto darasani.

Nesi alishukuru, akaondoka na chupa nusu, kwa sababu kahawa ilikuwa imekwisha. Mzee Birika alizima mkaa, akasuuza vikombe polepole. Kisha akainuka, akabeba ndoo yake, akageuka kuelekea kichochoro kinachokwenda uani, kama alivyozoea.

— Mzee! walipiga kelele wote kwa pamoja.

Alisimama. Aliitazama ndoo, akalitazama benchi, akaimwaga barabarani. Maji yalitambaa kwenye vumbi, nao wakayaangalia mpaka yakazama. Fundi aliingia ndani, akafungua dirisha la nyuma, akavivaa vile viatu vya mpira vya mkewe, ambavyo vilimbana, akaenda bustanini kungoja udongo ukauke.