Maneno Mawili Uliyoyaacha Njiani

Fungeni mlango, wanangu, mkae mnisikilize kabla hawajaja kunipeleka chumba cha upasuaji, maana nina hasira na nyinyi na sitaki kwenda nayo kwenye kisu.

Miezi saba iliyopita, nikiwa siwezi kumeza hata maji, daktari alimwita mkubwa wenu pembeni akamwambia kansa ya tumbo langu imeshikamana na mishipa, haikatiki kwa sasa. Wewe mkubwa ukarudi nyumbani ukatangaza, "Haikatiki." Hiyo "kwa sasa" uliiacha wapi? Nimeshona sare za shule miaka arobaini. Kitambaa kilicholoa hakikatiki leo, kesho kikikauka mkasi unapita. Wahenga walisema usikate kanzu kabla ya mwana kuzaliwa. Nyinyi mmekata sanda na mama yenu anapumua! Mkauza cherehani yangu, mkagawana vitambaa vya kabatini, na mkamwana wangu akaja kupima dirisha langu atundike pazia lake, akidhani nimelala. Nilikuwa namtazama. Hata kupima hajui.

Kitindamimba peke yake ndiye aliyerudi kwa daktari akauliza, "Na baadaye je?" Ndipo tukasikia kuna dripu ya kuamsha kinga ya mwili iutambue uvimbe na kupigana nao, ikienda pamoja na dawa nyingine za kansa; huenda ukanywea, huenda usinywee. Mkamkemea kwamba anamtesa mzee, mgonjwa haulizwi uji. Uji msiniulize, lakini uhai wangu niulizeni!

Kila wiki tatu alinishika mkono tukapanda ngazi za hospitali kufuata dripu hiyo, ngozi ikiniwasha mpaka najikuna kwa rula ya mbao, na uvimbe ukanywea, na jana daktari kasema sasa unakatika. Hakusema nitaamka. Hujafa hujaumbika.

Unasema nini, mkubwa? Uliogopa kunipa matumaini ya bure? Yalikuwa yangu hayo, ungeniachia niyabebe mwenyewe.

Basi shikeni haya. Nikifa, nyumba ni yenu nyote, asifukuzwe mtu. Mkasi wangu, uliopona kwa kuwa niliulalia, apewe kitindamimba. Wewe mkubwa, chukua futi yangu ya kupimia, ile ya shingoni, ujifunze kufika mwisho wa kitu kabla hujakisema. Usilie. Wewe ndiye uliyenifanya niitwe mama, ndiyo maana umeniuma kuliko wote. Na nikiamka, nataka cherehani yangu pale dirishani, mtaitoa wapi mtajua wenyewe.

Sogeeni... ile sindano ya usingizi aliyonichoma nesi inanivuta, ulimi umekuwa mzito. Leteni vichwa vyenu hapa, mkono haufiki. Mungu awatunze, awape watoto wa kuwauliza... Nasikia magurudumu. Mkubwa, majirani wakikuuliza habari zangu, waambie mama amelala. Lakini sema yote, mwanangu, usiache kitu. Amelala... kwa sasa.