Anayeonja Kwanza

Basi lilikuwa bado halijatoka Arua, lakini Kaltumu, muuza nguo wa Koboko aliyeketi kando yangu, alikuwa amekwisha kasirika. Mtoto wa dada yake, mwanafunzi, alikuwa amerudi nyumbani amelewa, na abiria wa upande wangu wa pili alikuwa na jerikani ya waragi, pombe kali ya kienyeji, miguuni. Nilikuwa katikati, nikajifanya nimelala.

"Nyinyi watu ya waragi ndiyo naharibu watoto," alisema Kaltumu.

"Hapana mimi, mama," alijibu Ezaru, mpika waragi wa Adumi. "Sheria iko. Kijana kama hapana ndevu, mimi nafukuza na mwiko. Na mimi iko mulokole. Hata mimi mwenyewe hapana gusa pombe."

Nilifumbua jicho moja. Kwetu mteja hanywi kabla muuzaji hajaonja mbele yake, ili ajue hakuna sumu.

Kaltumu naye alilijua hilo. "Sasa kwako nani naonja?"

"Binti yangu."

"Binti iko na miaka ngapi?"

Basi lilikuwa limeshaondoka, na sasa likasimama kituo cha kwanza. Ezaru alijitwika jerikani yake, ameudhika kweli.

"Meno ya mbele bado naota," alisema. "Lakini huyo hapana kunywa, mama. Huyo naonja tu."