Gwakisa Mwaipyana na Mshipa Uliotoka Mzima

Gwakisa Mwaipyana, ambaye leo tunamlaza hapa Nachingwea, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979 Masoko, wilayani Rungwe, mtoto wa tatu wa Mzee Mwaipyana na Bibi Tupokigwe. Kwao ng'ombe wa maziwa alitunzwa karibu sawa na watoto, na Gwakisa alijua kukamua kabla ya kujua kusoma. Alisoma shule ya msingi hukohuko, akamaliza sekondari Tukuyu mwaka 1999, kisha akaenda Morogoro kusomea udaktari wa mifugo. Alihitimu mwaka 2005.

Januari 2006 alipangiwa Nachingwea. Wenzake walimpa pole, wakamwambia huku ni korosho na ufuta, ng'ombe atawatafuta kwa tochi. Alikuja, akakuta kweli ni wachache, akaanza kazi. Hakuomba uhamisho hata mara moja. Waliowahi kupokea na kuaga watumishi wilaya hii wanajua hilo peke yake linatosha kushukuriwa.

Sehemu ya kazi yake ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mbegu za dume zilizohifadhiwa kwenye mtungi wa naitrojeni, baridi ambayo barafu ya friji ikilinganishwa nayo ni uji wa moto. Mwaka 2009 alifika kwa Mzee Ausi wa Ruponda, ng'ombe yuko tayari, mrija wa mbegu ukatoka mtungini umepasuka. Wa pili nao hivyohivyo.

"Sasa daktari," Mzee Ausi akasema, "huyu ng'ombe nimwambie nini?"

"Mwambie anisamehe, baba."

"Ng'ombe hasamehi. Anakusubirisha wiki tatu, mpaka joto limrudie."

Mwingine angelalamikia mtungi akaendelea na maisha. Gwakisa alirudi na mirija mibovu mfukoni, akitaka kujua baridi inapasuaje kitu.

Tarehe 18 Septemba 2010 alifunga ndoa na Mwalimu Makrina, binti wa Ruponda. Siku ya mahari wazee walitaja kiasi cha juu, kama ilivyo kawaida, wakitegemea kushushwa. Gwakisa akasema, "Sawa." Mshenga wake akamkanyaga mguu. Wazee wakatazamana, wakaona haya, wakapunguza wenyewe. Mungu aliwajalia watoto wawili, Stefano na Josephina.

Mwaka 2017 alijiunga na watafiti wa Morogoro waliokuwa wakijaribu kuhifadhi kwa baridi mishipa ya damu na ngozi, ili siku moja viungo viweze kumsubiri mgonjwa badala ya mgonjwa kufa akivisubiri. Kipande huloweshwa dawa ili kisifanye barafu ndani bali kigande kama kioo. Tatizo la kioo linajulikana: nje kikipoa mbele ya ndani, kinajivuta, kinapasuka. Gwakisa alitaka kuona mvutano huo kabla ya ufa. Alikuwa akipitisha mwanga katika tando mbili zinazouchuja, zilizowekwa kwa kukingamana. Kitu kinachopitisha mwanga kikikaa katikati na kikiwa kimebanwa, kinatoa rangi. Alimwonyesha mkewe kwa kijiko cha plastiki. Alipokikunja, rangi zikajaa shingoni mwa kijiko.

"Kwa hiyo panapoumia ndipo panapopendeza?" Makrina akauliza.

"Ndiyo, Mwalimu. Rangi zikibanana sana, ujue kinakaribia kuvunjika."

Tando hizo zimo ndani ya vioo vya televisheni bapa, kwa hiyo alikwenda kwa fundi Huzaifa, Ruangwa, kutafuta mbovu. Alimweleza wazi kwamba bila hizo utafiti umekwama. Huzaifa akapandisha bei hapohapo. Shemeji yake, Eustakio, alipopata habari alishika kichwa: "Shemeji, umemwonyesha kidonda, naye akakitia bei!" Akaenda yeye, akasimama mlangoni, akasema, "Huzaifa, takataka hizi zinakuzibia duka. Nikusaidie kuzitoa?" Alirudi na rundo zima, na shukrani juu. Sifa za kifaa zilipofika machimbo ya Namungo, wachimbaji wakaleta mawe yao yapimwe thamani. Gwakisa aliyatazama yote kwa heshima, akawaambia yanafaa kujengea.

Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa. Kaka yake alisafiri kutoka Tukuyu kumtolea moja, vipimo vikakataa. Katikati ya 2023 aliambiwa kwamba ifikapo Novemba lazima ahamie Dar es Salaam kusafishwa damu kwa mashine. Kwake ilimaanisha kuiacha meza yake ya majaribio hapa Nachingwea, na mpaka siku hiyo kila mshipa wa ng'ombe aliougandisha ulikuwa umepasuka. Alitaka mmoja tu utoke mzima akiwa bado anaweza kuuona. Akawa anaharakisha. Kadiri alivyoharakisha, ndivyo mishipa ilivyopasuka.

Jumapili ya tarehe 22 Oktoba aliweka kipande kingine akitumia mabaki ya naitrojeni, akitegemea Jumaa, dereva, alete mtungi mpya kutoka Lindi kabla ya mchana. Mchana ukafika, Jumaa hakuonekana. Mvuke uliobaki ulitosha kukishikilia kipande katikati ya safari yake ya kupoa tu, kimeshaanza kuwa kioo, hakiendi chini wala hakirudi juu. Makrina akampigia simu.

"Jumaa, uko wapi?"

"Ruangwa, Mwalimu. Barabara imefungana."

Nyuma yake uwanja mzima ukapiga kelele za goli.

Gwakisa hakuwa na la kufanya zaidi ya kukipulizia mvuke kidogokidogo na kutazama. Rangi zilizokuwa zimebanana ukingoni zikaanza kulegea, ndani kukipata muda wa kupoa sawa na nje. Zikatanuka, zikapauka, mwisho zikabaki kama mafuta juu ya maji. Jumaa alipoingia jioni ameshaandaa maneno ya pancha, Gwakisa alimuuliza mechi iliishaje. Kisha akakishusha kipande hadi chini, akakipasha taratibu, akakishika kwa koleo mbele ya mwanga. Hakikuwa na ufa. Wiki iliyofuata alirudia kwa kukipumzisha katikati makusudi, mara mbili, na vyote vikatoka vizima. Watafiti wa Morogoro nao walirudia, wakapata kama yeye.

Novemba alihamia Dar es Salaam kama alivyoagizwa. Alipata mwaka mmoja na miezi kadhaa ya mashine, akiwasomea wanafunzi wa utafiti wa Morogoro kazi zao kwa simu. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, mkewe akiwa pembeni yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, ndugu wa Tukuyu waliokubali alale huku alikofanyia kazi kama alivyoomba, na wana Nachingwea na Ruangwa waliomfanya wa kwao.

Tusimwongezee asichofanya, maana mwenyewe asingekubali. Figo nzima bado haijalazwa kwenye baridi hiyo, ikaamka, na kumfaa mtu kama yeye. Mshipa umetoka mzima. Hapo ndipo alipofikisha mzigo, na waliopo Morogoro wameshaupokea.

Ameacha mjane, Mwalimu Makrina. Watoto wawili, Stefano na Josephina. Mama yake, Bibi Tupokigwe. Kaka na dada wanne. Shemeji, wanafunzi, na wafugaji wengi wa Nachingwea.

Bwana ampokee Gwakisa na kumpa pumziko lenye amani. Amina.