Matundu Saba Juu ya Kitanda cha Matheka

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, Kiamaiko, Nairobi, pale njia inapopinda kuelekea soko la mbuzi. Ni ubao mmoja mrefu juu ya mawe mawili, na ni mimi niliyeuweka ili wateja wakae wakingoja soli. Wateja hawajawahi kupata nafasi. Wanakaa wale wale kila siku mpaka kahawa anayouza Hashi hapo iishe. Kuna Breki, dereva wa lori la mbuzi, ambaye kanisani wanamwita Nyamai. Kuna Faili, yaani Lusweti, tarishi wa ofisi moja ya mjini, ambaye akibeba barua anadhani ameiandika yeye. Na kuna Mulama wa kiwanda cha sabuni, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Jumapili hiyo ya Aprili, mwaka wa themanini na tatu, alikuwapo pia Matheka, mchonga vinyago, na shida ilikuwa yake. Alhamisi ilinyesha mvua ya mawe. Bati la chumba chake, lililoliwa na kutu tangu zamani, likatoboka mahali saba, na matundu yote saba yalikuwa juu ya kitanda wanacholalia mkewe Nthoki na mtoto wao wa wiki tatu, Nzilani. Tangu siku hiyo tulikuwa tukimsaidia kwa maneno. Nikikumbuka nachukia hata leo.

Breki: Matheka, yule mama amesema nini?

Matheka: Mama gani?

Breki: Mama Mbeti, msimamizi wa ploti yenu. Si ulisema unaenda kwake baada ya kanisa?

Matheka: Nimetoka huko. Anasema matundu ni yangu. Ati nilipanga mawe juu ya bati upepo usilibebe, sasa hayo mawe ndiyo yamelitoboa. Kama ni mvua, mwenye nyumba ataweka bati lingine. Kama ni mimi, nijijue.

Redio: Lakini kila mtu hapa ameweka mawe juu ya bati! Hata yeye Mbeti ameweka! Mimi nimeona na macho yangu. Ameweka mawe na tairi!

Matheka: Nilimwambia hivyo. Akafunga mlango.

Faili: Ulimwambia vibaya. Hukuenda na ushahidi.

Matheka: Ushahidi gani tena, Faili? Si ni wewe uliniambia niweke yale mawe ya mvua kwa themosi?

Hapo lazima nieleze, kwa sababu watu wa nje hawataamini. Ile Alhamisi, mawe yakiwa bado yamejaa uani, Faili alimwambia Matheka ayaokote ayatunze, ili msimamizi ayaone kwa macho. Matheka akauliza atayatunza wapi. Faili akasema themosi: ikitunza moto inatunza na baridi, ni kitu cha kisayansi. Sisi sote tukasema ndiyo, hapo umenena. Matheka akakimbia nyumbani, akamwaga uji wa moto wa mzazi, akajaza mawe ya barafu papo hapo. Kioo cha ndani kikapasuka. Ijumaa asubuhi alimpelekea Mama Mbeti themosi iliyojaa maji na vipande vya vioo. Tangu siku hiyo Nthoki anakunywa uji baridi.

Faili: Mimi nilisema themosi. Sikusema ya moto.

Matheka: Ungesema!

Faili: Mtu akiambiwa avae shati, haambiwi afunge vifungo.

Breki: Hayo yamepita. Tuongee ya leo. Matheka, juu umeweka nini?

Matheka: Sijaweka kitu. Ijumaa nilitaka kupanda na gunia na lami kidogo. Mkanizuia nyinyi.

Faili: Na tutakuzuia tena! Ukiziba, umeharibu kesi. Mwenye nyumba akituma mtu kukagua, atakagua nini? Gunia? Pale ofisini kwetu, gari likigongwa hakuna mtu kuligusa mpaka lipigwe picha.

Matheka: Hilo gari halina mtoto ndani.

Faili: Sikiza, wewe. Leo utaandika barua, nakala tatu. Moja ya mwenye nyumba, moja ya Mbeti, moja ya kwako. Uchore na ramani ya matundu. Tundu la kwanza, la pili, mpaka la saba. Kila moja na upana wake.

Matheka: Nitachorea wapi? Meza nimeiweka juu ya kitanda, mtoto analala chini yake.

Mimi nilikuwa nimeshika kiatu cha mtu na nikajifanya naangalia uzi.

Breki: Mimi kuna kitu kinanisumbua. Chumba cha Matheka kina majirani wawili, huku na huku. Bati lao halikutoboka. Kwa nini?

Redio: Eeh. Kwa nini?

Breki: Mvua ya mawe inafuata joto. Nimeendesha lori huku kote miaka kumi na nne, mimi naijua. Matheka anachonga vinyago ndani, halafu anavikausha na jiko. Joto linapanda juu, linaita mawe.

Matheka: Breki, sijawasha jiko la vinyago tangu mtoto azaliwe. Moshi unamuumiza.

Breki: Basi ni joto la mtoto.

Matheka: La mtoto?

Breki: Mtoto mchanga ni moto sana. Uliza mtu yeyote.

Hashi, muuza kahawa, alikuwa amechuchumaa na birika lake la shaba. Yeye si mtu wa maneno. Alimtazama Breki, kisha akanyoosha mkono.

Hashi: Kikombe.

Breki: Sijamaliza.

Hashi: Umemaliza. Lete kikombe.

Redio: Mnapotea njia nyote. Mawe hayo si ya Nairobi. Yametoka kwa mashamba ya chai.

Faili: Yametokaje kwa chai?

Redio: Wenye mashamba hawataki mawe yaharibu majani. Kwa hiyo wingu likija wanalipiga na mizinga. Kuna jamaa kiwandani, alifanya kazi huko, ameona. Wanapiga, puu! Puu! Wingu linaogopa, linakimbia. Linakimbilia wapi?

Breki: Huku.

Redio: Huku! Kwa nini lisiende kwa matajiri? Kwa sababu kule kuna miti. Huku hakuna mti, kuna mabati tu. Linaona yanameta, linasema, hapa.

Faili: Basi kama ni hivyo, barua si ya mwenye nyumba. Ni ya wenye chai.

Redio: Ndivyo nasema!

Faili: Nakala nne, basi.

Breki: Na ya wenye mizinga je?

Faili: Tano. Lakini hiyo ya tano itapitia kwa wakubwa, haiwezi kwenda hivi hivi.

Matheka alikuwa ameinamisha kichwa, akikwaruza gundi iliyokauka kwenye kucha zake. Huyu ni mtu mpole. Ni mtu anayeamini kwamba wenzake wakikaa pamoja na kufikiri, watafika mahali. Niliona hivyo usoni pake na nikaona haya, lakini haya ya mtu aliyekaa ni haya ya bure.

Matheka: Jamani. Mtoto anakohoa.

Redio: Pole, ndugu yangu.

Matheka: Alianza jana. Jana ilinyunyiza kidogo tu. Hiyo meza ina nyufa.

Breki: Mtoto akikohoa mpake mafuta ya kondoo kifuani.

Faili: Hilo pia liingie kwa barua. Madhara ya kiafya.

Matheka: Faili, mimi sijui kuandika barua ya namna hiyo.

Faili: Nitakuandikia mimi. Kesho kazini nitapata karatasi. Jumanne nitaipiga chapa kama yule msichana wa mashine yuko. Asipokuwepo, Jumatano.

Matheka: Na ikinyesha leo?

Faili: Leo hainyeshi.

Redio: Leo? Haiwezi. Wingu lenyewe limeelekea Ruaraka, tazama. Hata upepo…

Tone la kwanza lilimpiga Redio kwenye paji la uso. La pili likaingia kwenye kikombe cha Faili. Halafu ikaja yote mara moja, ile mvua nzito ya Aprili isiyobisha hodi.

Nitawaambia tulichofanya, kwa sababu ndicho kitu cha pekee tulichofanya wikendi hiyo yote. Breki aliruka hadi kwenye lori lake, lililokuwa limeegeshwa papo hapo kando ya njia, akavuta turubai kutoka nyuma ya kiti. Redio alishika pembe ya kwanza akaifunga kwenye mlingoti wa umeme. Faili, yule ambaye hawezi kubeba bahasha mbili bila kulalamika, alipanda juu ya ubao na kufunga ya pili kwenye paa la kibanda changu. Mimi nikafunga ya tatu kwenye nguzo ya mlango. Breki mwenyewe akaifunga ya nne kwenye bodi ya lori. Hata Matheka alisukuma katikati kwa fimbo ili maji yasituame. Mvua ikinyesha tunafanya hivi kila mara, na kila mtu anaijua kona yake. Kahawa ilikuwa bado moto tulipokaa tena.

Breki: Haya. Faili, ulikuwa unasema nakala ngapi?

Faili: Tano.

Hapo ndipo Nthoki alipotokea. Alikuwa amemfunga mtoto mgongoni na kumfunika karatasi ya nailoni, na leso yake mwenyewe ilikuwa imelowa hadi kiunoni. Tukamsogezea nafasi kwenye ubao, sote kwa pamoja, kwa heshima kubwa.

Mimi: Karibu, Mama Nzilani. Ingia huku pakavu.

Hakukaa. Alisimama pale ukingoni, akamwangalia mumewe, kisha akainua macho akaangalia juu. Alifuata kamba moja baada ya nyingine, ya mlingoti, ya paa, ya mlango, ya lori. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Nthoki: Hiyo turubai ilikuwa wapi tangu Alhamisi?

Breki alitazama lori lake, ambalo kutoka hapo hadi mlango wa Matheka si hatua arobaini. Redio alikuwa amezimika. Mtoto akakohoa, kikohozi kidogo, chembamba.

Nthoki: Nawauliza nyinyi. Baba Nzilani, na wewe nakuuliza.

Matheka: Mama Nzilani…

Nthoki: Ilikuwa wapi?

Nthoki alimfungua mtoto mgongoni, akampakatisha mumewe, akavuta ile nailoni juu ya kichwa cha mtoto. Kisha akaja upande wangu, penye nguzo ya mlango, akaanza kufungua kamba. Vidole vyake vilikuwa baridi na fundo lilikuwa gumu, akavuta na kuvuta. Pembe ilianza kulegea na maji yakamwagika kwenye vikombe, na Hashi akaanza kuvikusanya kimya kimya.

Niliweka kiatu cha watu chini, nikapiga magoti kwenye tope kando yake, nikamwambia aniachie hilo fundo, kwa sababu nililifunga mimi.