Lutengano Mwasaga na Vidonge vya Alhamisi

Alhamisi ya tarehe 18 Julai 1957, saa mbili na nusu asubuhi, hapa Igowole, Yudith alimpelekea mumewe maji ya moto ya kunawa, akamkuta ameshindwa kuvua koti, akamsaidia kuvuta mkono mmoja, na hapo akaona vipele vyekundu vimemtoka kuanzia shingoni hadi kiunoni, vimeshikana kama ngozi imeungua, na mwili wote ni moto. Marehemu alimtazama mkewe, akasema, "Funga mlango, mama Damari," na tangu saa ile nyumba haikuwa na amani.

Huyo ndiye Lutengano Mwasaga, mwinjilisti wenu, tunayemzika leo Ijumaa tarehe 26 Julai, na mjane wake ameomba historia hii isomwe yote, hata pale panapouma.

Marehemu alizaliwa Iyunga, Mbeya, tarehe 3 Machi 1911, kama kitabu cha ubatizo kinavyoonyesha, akiwa mtoto wa pili wa Jailos Mwasaga, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne mwaka 1926, kisha akachimba dhahabu Lupa kwa miaka minne, kazi ambayo hakupenda kuisimulia. Mwaka 1933 alikuja Mufindi kuchuma chai, na hapa Igowole akamwona Yudith, binti wa mzee Kalinga, akamwoa kanisani Jumamosi tarehe 14 Septemba 1935, na Mungu akawapa watoto wanne, Damari, Saulo, Lusia, na mdogo aliyefariki mwaka 1946 kabla ya kutembea. Mwaka 1939 aliacha chai, akawekwa kuwa mwinjilisti, na kazi hiyo hakuiacha tena.

Mwaka 1953 dresa wa misheni, yaani mtoa dawa na mfunga vidonda, Bwana Bartholomeo, alianza kuleta dawa ya ukoma nyuma ya kanisa kila Alhamisi, na Marehemu ndiye aliyekwenda nyumba kwa nyumba kuwatafuta wagonjwa, maana wengine walikuwa wamefichwa na ndugu zao ndani ya vibanda vya shambani, akawashika mkono wakati watu wanaogopa hata kuwapa kiti. Mwezi wa Septemba mwaka 1955 bibi Marta, ambaye yupo hapa, alitokwa na vipele katika juma la tano la vidonge, Dresa akamsimamishia dawa siku ile ile, akamlaza na kumtunza, na baada ya majuma matatu akapona vipele. Lakini neno lilikwisha kuenea kwamba dawa inaunguza watu, wagonjwa tisa wakatupa vidonge mtoni, na Marehemu akatembea miezi minne kuwarudisha, saba wakarudi, wawili wakakataa, na mmoja wa hao wawili leo hana vidole vya miguu. Jambo hilo lilimkaa moyoni kuliko tulivyojua.

Mwezi wa Mei mwaka huu aliona baka mkononi mwake, akalichoma kwa sindano asisikie kitu, na Jumapili tarehe 2 Juni akakunja mkono wa shati mbele ya kanisa zima, akawaonyesha, akasema naye sasa ni mgonjwa kama wao na atameza kama wao. Alhamisi tarehe 6 Juni alianza vidonge, akitangulia kumeza yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, na wagonjwa wote ishirini na watatu wakameza baada yake, ikawa hivyo kila juma.

Dresa alikuwa na desturi ya kumwuliza kila mmoja, kabla ya kumpa kidonge, kama anawashwa au ana homa, na tarehe 11 Julai alipomwuliza Marehemu, naye alijibu, "Dresa, kinachoniwasha ni blanketi la sufu, baridi hii ya Mufindi unaijua," watu wakacheka, akameza. Yudith naye alicheka, kwa kuwa hakujua kwamba mumewe alikuwa amewashwa siku tatu.

Basi asubuhi ile ya tarehe 18, mlango ukiwa umefungwa, Yudith alimwambia, "Baba Damari, hiki ndicho kilichompata Marta, usimeze leo," naye akamjibu, "Wakiniona hivi, Alhamisi ijayo atakuja nani?" Akamtaka anyamaze, Yudith akaahidi kwa uchungu, na saa nne akasimama ukutani nyuma ya kanisa, akimwona mumewe amefunga vifungo vyote hadi kidevuni, anaulizwa, anatikisa kichwa, anapokea kidonge, anameza.

Ijumaa macho yake yaligeuka manjano, midomo ikachubuka, akashindwa hata uji. Jumamosi alfajiri Yudith aliondoka bila kuaga, akatembea maili tisa hadi kwa Dresa, akamwambia, "Nisamehe baba, nimekuficha jambo, mume wangu ana vipele," na Bwana Bartholomeo akapanda baiskeli hata chai hakumaliza, akafika, akafungua lile koti, akakaa chini. Akasema, "Mwinjilisti, mimi nilikuuliza." Marehemu akajibu, "Uliniuliza, nikakudanganya." Dawa ilisimamishwa pale pale, Bwana Ambrosi wa shamba la chai akatoa lori lake, na saa kumi na moja jioni wakafika hospitali Iringa.

Daktari alieleza kwamba dawa ile inaponya watu wengi, ila wachache miili yao inaikataa, na ikikataliwa ni lazima iachwe siku ya kwanza ya kuwashwa, maana ikiendelea inashambulia ini. Walipigania uhai wake siku nne. Jumanne Marehemu alimwambia mkewe, "Waambie niliyekosea ni mimi, dawa isibebeshwe kosa langu," na Jumatano tarehe 24 Julai, saa nane mchana, akafariki, Yudith akiwa amemshika mkono.

Ndugu waombolezaji, tangu mwili ufike tumesikia watu wanne wamekwisha kutupa vidonge vyao chooni, na jambo hilo lingemuumiza Marehemu kuliko vipele vyake. Bibi Marta alirudishiwa dawa kidogo kidogo mwaka 1956, chini ya macho ya Dresa, na mabaka yake yamefutika, mnaweza kumwuliza. Familia inawasihi, msiitupe dawa, na yeyote anayewashwa, mwenye homa au macho ya manjano, asimeze tena hata kimoja, aende kwa Dresa siku hiyo hiyo, asingoje Alhamisi wala asione haya. Tarehe 1 Agosti Yudith atakuwepo nyuma ya kanisa, na wanawake watamwonyesha yeye ngozi zao.

Tunamshukuru daktari na wauguzi wa Iringa, Bwana Ambrosi na lori lake, majirani mliochimba kaburi kwenye ukungu huu, wazee wa kanisa, na Bwana Bartholomeo, ambaye familia haina neno lolote juu yake, aje akae nasi.

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Lutengano, msamehe woga wake uliotokana na kuwapenda watu wako, umtie nguvu Yudith, uwalinde wagonjwa hawa ishirini na watatu aliokuachia, na umpe yeye raha ya milele kwako. Amina.