Mbwa Mgonjwa na Ushuhuda Niliotoa Chwele

Agosti ya mwaka 2004, siku ya Jumatano, nilimpoteza binti yangu Nafula. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Bwana asifiwe hata katika hilo, ndugu zangu. Nalisema kwa shida, na mtanivumilia.

Mimi si mtu wa kusimama mbele. Niliishia darasa la saba. Wengi wenu mnanijua kwa sukuma wiki ninayouza pale Matisi kuliko kwa jina. Leo nimeomba nafasi kwa sababu niliwahi kusimama mbele ya watu nikatoa ushuhuda, na ushuhuda ule haukuwa wa kweli. Nimekuja kuurudisha.

Wakati huo tulikuwa Tongaren, mimi na mume wangu, tukilima mahindi. Nafula alikuwa na kifafa tangu utotoni. Kwetu watu humkimbia mwenye kifafa, wanasema povu lake likikugusa nawe unakipata. Shuleni alikaa dawati la peke yake. Hospitali wakatupatia tembe ndogo nyeupe, za kila siku. Alizimeza mwaka mzima, na kuanguka kukapungua sana.

Ndipo ukaja mkutano wa maombi Chwele, siku ya soko. Mhubiri mgeni akamwekea mtoto mikono. Wiki tatu zikapita Nafula hajaanguka, tukarudi mkutanoni, nikaitwa jukwaani. Watu walikuwa wengi, hata wauza ng'ombe walisimama kusikiliza na kamba mikononi. Nikashika kipaza sauti nikasema, "Nafula amepona kabisa!" Ndugu zangu, haleluya iliyopigwa pale sijasikia nyingine kama ile. Niliipenda. Nakiri, niliipenda.

Sasa, mtu aliyepona anameza dawa ya nini? Swali hilo ndilo lililonifunga. Kina mama wa kanisa walikuja nyumbani kumwona mtoto wa muujiza, nami nikaogopa waone tembe. Nikaogopa kuonekana kwenye foleni ya kliniki. Hakuna aliyeniambia niache dawa. Mhubiri hakusema, mchungaji hakusema. Ni mimi. Nilizifunga tembe kwenye kitambaa nikazisukuma ndani ya gunia la mahindi. Mume wangu hakujua. Kila jioni aliuliza, "Mtoto amekunywa dawa?" Nami nilijibu, "Amekunywa."

Siku ya tano tangu nizifiche, Nafula alianguka asubuhi na hakuamka. Alishikwa, akatulia, akashikwa tena, hivyo hivyo mpaka jua likawa juu. Baba yake alimbeba kukimbilia hospitali, mtoto akafia njiani. Kwenye mazishi waliimba. Mume wangu aliwaambia watu kwamba zile dawa hazikuwa na nguvu, kwamba tulipewa chaki. Mimi nilijifunika leso nikanyamaza.

Baada ya hapo sikuweza kukaa katika nyumba ile. Nikamwambia mume wangu naenda Kitale kutafuta biashara, nikapanga chumba huku Matisi. Nilikuja kanisa hili nikakaa viti vya nyuma. Mlipoimba, mimi nilisogeza midomo tu. Kuomba nilishindwa. Ningeanzaje kuzungumza na Mungu ambaye nilimsingizia kazi asiyoifanya?

Mwaka wa 2006, karibu na kinu cha kusaga mahindi pale Matisi, nilikuta wanaume wakimpiga mawe mbwa mdogo, rangi ya chai ya maziwa. Alikuwa ameanguka, anatetemeka, povu limemjaa mdomoni.

"Kaa mbali, mama! Hiyo mbwa iko na wazimu!"

Walikuwa na haki ya kuogopa, maana kichaa cha mbwa huua. Lakini nilisimama nikaangalia. Miguu ilipiga hewa kama ya mtu anayekimbia akiwa amelala. Kisha ikatulia. Mbwa akainuka, akayumba, akatutazama mmoja mmoja kama anayeuliza yuko wapi. Macho yale niliyajua, ndugu zangu. Nilimtupia gunia, nikamfunga vizuri nikambeba. Mmoja wa wale wanaume akacheka, "Wokovu wa huyu mama umefika mpaka kwa mbwa!"

Daktari wa mifugo alimfungia siku kumi kwanza, kuhakikisha si kichaa. Niliporudi akaniambia ni kifafa, akamimina tembe kwenye karatasi. Nilizijua kabla hajazitaja.

"Daktari, si hizi ni za watu?"

"Za watu na za mbwa, mama. Nusu asubuhi, nusu jioni, maisha yake yote. Na usikatize. Zikikatwa ghafla, kifafa kinarudi na nguvu kuliko mwanzo. Kinaweza kumuua."

Niliketi sakafuni, pale pale. Miaka miwili nilikuwa nimejificha nyuma ya neno "labda". Labda angekufa tu. Labda siku zake zilikuwa zimefika. Ile labda ikaondoka, nikabaki mimi na nilichofanya.

Nilimchukua mbwa. Kila asubuhi na kila jioni nilificha nusu tembe ndani ya tonge la ugali lenye dagaa wa omena. Jirani yangu, Mama Wanjiru, mama mcheshi ambaye watu wake walikuja huku kutoka Mkoa wa Kati, alinikuta nikifanya hivyo.

"Ati mbwa anapewa tembe? Si hata mimi niko na presha, na hakuna mtu ananifungia dawa kwa ugali!"

Tangu siku hiyo mbwa akaitwa Presha.

Msidhani alipona. Dawa ilipunguza tu, lakini bado alianguka, pengine mara moja kwa mwezi. Mara ya kwanza nilisimama mlangoni nikashindwa kumsogelea, mimi niliyemtoa kwenye mawe. Mara ya pili nilipiga magoti. Niliweka leso chini ya kichwa chake, mkono wangu ubavuni mwake, nikangoja naye. Na pale nikasema kwa sauti, "Bwana, nilimnyima mtoto dawa ili watu waendelee kunipigia makofi. Nikatumia jina lako." Sikuona mwanga. Sikusikia sauti. Mbwa alitulia, nami nikalia, na machozi yalipokwisha niligundua kwamba nilikuwa naomba! Baada ya miaka miwili, nilikuwa naomba!

Lakini kumwambia Mungu kulikuwa rahisi kuliko kumwambia mume wangu. Mwezi wa Desemba nilimtia Presha kwenye kikapu nikaenda Tongaren. Nilimkuta akipukuchua mahindi. Nikamwambia yote: gunia, kitambaa, kila jioni niliyomjibu "amekunywa". Hakuacha kupukuchua. Alimaliza gunzi moja, akachukua lingine. Mwishowe akasema, "Ungeniambia unaona haya, Mama Nafula. Ningeenda kwa foleni mimi." Chakula nilichopika hakukila. Kesho yake nilirudi Matisi.

Ndugu zangu, Mungu amenifungua kutoka kwa uongo wangu, na namshukuru. Hajanirudishia Nafula, na sitasema mbele yenu kwamba moyo hauumi. Lakini kama uko hapa na mtoto wako anameza dawa, usimwonee Mungu haya. Mwamini, na dawa umpe. Mungu hahitaji tumsaidie kwa uongo. Na kama umeshazificha, zitoe leo. Ukiogopa kwenda kliniki peke yako, njoo kwa kibanda changu, tutasimama wote kwenye foleni.

Alhamisi iliyopita Baba Nafula alifika Matisi bila kunipa habari. Aliketi, nikamwekea chai, hakuigusa. Jua lilipoanza kushuka Presha akaanguka katikati ya nyumba. Niliinuka, lakini mume wangu alikuwa ameshamfikia. Alipiga magoti akamkinga kichwa kisigonge mguu wa meza, akakaa hivyo mpaka kifafa kikapita. Akafuta povu kwa mkono wake mtupu. Mbwa alipoweza kusimama na kunywa maji, mume wangu aliniangalia, mara ya kwanza tangu Desemba.

"Dawa yake iko wapi?"

Nikaileta.