Saini Iliyokuwa Angani

Mheshimiwa Meneja wa Kiwanja. Mkuu wa Chuo chetu cha Urubani. Ndugu marubani, waongozaji wa mnarani, na ninyi wazimamoto mliokuja na gari lenu kubwa kana kwamba hotuba yangu inaweza kuwaka. Mama, mke wa mstaafu wetu. Na wewe Mzee Nyuzi Tatu, uliyekalishwa kwenye kiti chenye kitambaa na unaonekana kama mtu anayesubiri kung'olewa jino: nawasalimu kwa heshima ya vyeo vyenu, na wasio na vyeo nawasalimu mara mbili.

Mnanifahamu. Mimi ndiye mnayeniita Rubani wa Kapeti, mtunza simuleta ya chuo, ile mashine ya kujifunzia urubani bila kuondoka kwenye kapeti la chumba. Sikusomea kazi hii. Nilianza kwa kutengeneza televisheni za watu, na mpaka leo nikifungua kifuniko cha mashine naomba Mungu kwanza ndipo nashika bisibisi. Nimeombwa niseme maneno mawili matatu kumsifu Mzee. Lakini nyote mnajua kuna barua ya onyo iliyokaa kwenye faili lake miaka sita, na tutakuwa wanafiki tukimsifu kwa mdomo huku karatasi ikimsuta kabatini.

Kwanza kazi yake, kwa ajili ya wageni. Ndege inayotua kwenye ukungu huongozwa na mawimbi ya redio kutoka antena mbili, ambazo fundi wake ni Mzee. Moja imesimama mwisho wa njia ya kurukia, humwambia rubani kama yuko kushoto au kulia. Nyingine iko pembeni, humwambia kama yuko juu au chini ya ule mteremko wa nyuzi tatu uliompa Mzee jina. Rubani haoni nje. Anaona mishale miwili, na ikikaa katikati anashuka akiamini. Sasa antena hizo zina maringo. Ile ya mteremko hutegemea ardhi iliyo mbele yake kurudisha mawimbi, kwa hiyo majani yakirefuka, inanuna. Gari likisimama pasipostahili, mawimbi yanaligonga na kupinda. Nani kati yetu hakumcheka Mzee akipima majani kwa rula? Mimi nilimwita fundi wa malisho. Akanijibu kwamba afadhali malisho, kapeti halina hata mbuzi.

Siku yenyewe ya kosa lake, miaka sita iliyopita, ukungu ulishuka saa mbili asubuhi, mzito kiasi kwamba waongozaji mnarani walikuwa hawazioni ngazi zao wenyewe. Mzee akatoka kwa miguu kukagua antena. Akalikuta lori la mkandarasi, limejaa mabati, limezama matopeni mbele ya antena ya kwanza, dereva hayupo. Ndege imebakiza dakika chache. Kipimo cha usalama, kinachochunguza kama mawimbi yamenyooka, kiko hatua chache tu kutoka kwenye antena, kabla ya lile lori, kwa hiyo wakati mawimbi yanapinda kule mbele, chenyewe kiliendelea kuwasha taa za kijani, salama salimini. Na kanuni inasema mtambo wa antena hauzimwi ndege ikiwa inakaribia mpaka Meneja atie saini kwenye fomu. Meneja alikuwa wapi? Mheshimiwa, usiiname. Ulikuwa ndani ya ndege hiyo hiyo, kiti cha dirishani. Saini iliyotakiwa ilikuwa angani.

Mzee akawaarifu mnarani, akazima.

Ndege ikageuza, ikatua mji mwingine, na Mheshimiwa akarudi kwa basi, saa tano nzima, kiti cha juu ya tairi. Alipofika, ukungu ulishaondoka na lori lilishavutwa na watu wa mkandarasi wenyewe. Dereva alipoulizwa alisema hajawahi kukanyaga huko. Kumbukumbu za mtambo zilionyesha kijani tupu. Ungekuwa wewe, mgongo unauma, ungemwamini nani? Barua ikaandikwa.

Mzee hakulalamika. Mama ameniambia kwamba tangu siku ile kila ukungu ukishuka mume wake anaacha chai mezani, anasimama uani kusikiliza injini mpaka ndege itue.

Miezi mitatu iliyopita nikamkaribisha kwenye simuleta, aage na kwetu pia. Akashuka vizuri kabisa, kisha akakunja uso.

"Mwanangu, mbona mshale wako hautetemeki hata kidogo?"

Nikamweleza. Mashine yangu haina mawimbi. Kompyuta inajua njia ya kurukia ilipo, inajua ndege ilipo, inapiga hesabu na kuuchora mshale.

"Na majani?"

"Hayaoti, Mzee."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejua kuwa anaumwa. "Basi mnawafundisha watoto wa watu kwamba mshale hausemi uongo."

Nikamwomba daftari lake la vipimo, pamoja na vya siku ile, nikakaa wiki tatu nikiifundisha mashine yangu kudanganya. Nililitia lori lile, na mabati yake, na ukungu wake. Nikawaita marubani tisa, majina yao nayahifadhi kwa sababu wako hapa na wamevaa vizuri. Saba waliufuata mshale bila wasiwasi.

Wiki iliyopita nikamwomba Mheshimiwa, ambaye alikuwa rubani kabla hajapandishwa cheo na kuteremshwa mezani. Akashuka kwa ustadi, taa zote kijani, mishale katikati. Ukungu ukafunguka, na mbele yetu hapakuwa na njia ya kurukia. Palikuwa na paa la kituo cha zimamoto.

Nikasimamisha mashine. Mikono yake bado ilikuwa kwenye usukani.

"Ndiyo siku ile?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Tulikuwa wangapi ndani?"

"Sitini na wawili, pamoja nawe."

Aliagiza faili lile liletwe, barua ichanwe. Nikamkimbilia Mzee na habari njema, naye akaniharibia furaha. Alisema barua isiguswe, onyo ni halali, kwa sababu kweli alizima bila saini. Mtu huyu, ndugu zangu, ukimsamehe kosa anakuuliza umefuata kifungu gani. Jana nilikwenda kumweleza Mheshimiwa kwamba tumekwama. Alifikiri kidogo, akafungua mtoto wa meza, akatoa fomu tupu ya ruhusa ya kuzima mtambo, akaijaza mwenyewe.

Mzee, njoo uipokee. Tarehe ni ya jana, maana ingeandikwa ya siku ile ungeirudisha. Sababu ya kuzima: lori la mabati mbele ya antena. Anayeidhinisha: Meneja wa Kiwanja. Saini ipo, wino hata haujafifia. Nakala ya pili imebanwa juu ya barua yako.

Nawashukuru nyote kwa masikio na uvumilivu wenu. Nimalizie kwa kuisoma sehemu ya maoni, ambayo miaka yote tumeiacha wazi. Mheshimiwa ameandika hivi: "Nilikuwamo. Mke wangu na wanangu wanakushukuru."